Jirani wa Uwanja

Tarehe 17 Januari 2018, huko New Zealand, vijana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walirusha ova zao 50 na wenyeji wakazivuna mikimbio 436. Jakob Bhula peke yake alichukua 180, rekodi mpya ya mchezaji mmoja katika Kombe la Dunia la vijana. Mwenzake aliyefungua naye, Rachin Ravindra, alipata 117. Finn Allen akaingia baadaye kumalizia kazi, akaongeza 90 kwa mipira 40. Rekodi ya Bhula haikudumu hata wiki. Siku sita baadaye Hasitha Boyagoda wa Sri Lanka alipiga 191, na waliokuwa wakimrushia mipira walikuwa Wakenya walewale. Sri Lanka ilifika 419. Kenya ikatolewa kwa 108.

Naanza na vichapo hivyo kwa sababu sura hii inahusu ushindi. Ili upigwe na Ravindra katika Kombe la Dunia, sharti kwanza ufike huko, na Kenya ilikuwa haijafika tangu 2002. Miaka 16 mashindano hayo yalikuja na kupita, na bendera yetu haikuonekana. Kisha, Julai 2017, katika viwanja vya Nairobi, kikosi cha Sachin Bhudia kilishinda mchujo wa Afrika mbele ya majirani waliokuwa wakidhani zamu yao imefika, Uganda wakiwa wa kwanza kuudhika. Katika kikosi hicho walikuwamo Aman Gandhi, Jasraj Kundi, Abhishek Chidambaran, na Gerard Muthui aliyekuwa akirusha kwa kasi. Kwa wiki chache watu wanaoifuata kriketi nchini, ambao siku hizi si wengi, walizungumza tena kama watu wenye timu.

Kuna jambo moja kuhusu ile mechi ya 436 ambalo halionekani katika kichwa cha habari. Kenya ilipochukua gongo ilipata 193 kwa kupoteza wiketi nne tu, katika ova zote 50. Yaani vijana wale, wakijua kwamba mechi imekwisha zamani, walisimama mbele ya warushaji wa New Zealand mchana kutwa na hawakung'olewa. Walishindwa kwa mikimbio 243, na waliposhindwa bado walikuwa na wiketi sita mkononi. Mwaka 2023 Ravindra huyohuyo alipiga senturi tatu katika Kombe la Dunia la wakubwa nchini India na kumaliza na mikimbio 578. Kwa hiyo waliowachapa vijana wetu hawakuwa watoto wa kawaida. Lakini swali linalonikera halihusu Ravindra. Linahusu sisi: baada ya kufika kule, kwa nini tulikuwa na wachezaji wachache kiasi kile wa kuchagua? Nchi ya watu karibu milioni hamsini ilikuwa ikichagua timu yake ya taifa katika duara ambalo ungeweza kulizunguka kwa matatu asubuhi moja.

Nalitazama swali hili nikiwa Rusinga, na najua ni mahali pa ajabu pa kulitazamia. Rusinga ni kisiwa kilichounganishwa na Mbita kwa barabara ya kuvuka maji, upande wa Kaunti ya Homa Bay. Ukienda kusini kwa kufuata ufuo unafika Karungu, ndani ya Kaunti ya Migori. Hapa watu wanajulikana kwa omena, kwa mbio za mashua na mieleka ya tamasha la Desemba, na kwa kaburi la Tom Mboya kule Kasawanga. Wanaopenda mambo ya kale zaidi watakutajia fuvu la Proconsul, nyani wa kale, ambalo Mary Leakey alilipata hapa 1948. Kriketi haitajwi. Milingoti ya magoli iko katika kila shule, mingine ya chuma na mingine ya miti iliyopinda, lakini vijiti vitatu vya wiketi ni kitu cha kuonyeshwa kwenye simu.

Ajabu yenyewe ni kwamba majina mengi ya kriketi ya Kenya yanasikika kama ya kwetu. Odumbe, Tikolo, Odoyo, Suji, Obuya, Ngoche, Otieno. Mtu wa Mbita akisomewa orodha ya kikosi kilichocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003 anaweza kudhani anasomewa wanachama wa kamati ya mazishi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, timu ya Kenya ikiwa na nahodha Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitoa West Indies kwa 93. Brian Lara aliondoka na 8, amedakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal kwa mpira wa Rajab Ali. Thomas Odoyo alikuwa na miaka 17 alipokwenda katika mashindano hayo ya wakubwa. Mwaka 2003 Collins Obuya, akiwa na miaka 21, aliwatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24 pale Nairobi Gymkhana. Baadaye, urushaji wake ulipomkimbia, alijigeuza kuwa mpigaji, na mwaka 2011 alibaki uwanjani na mikimbio 98 dhidi ya Australia mjini Bangalore, akikosa senturi kwa mikimbio miwili. Sijui mwanamichezo mwingine wa Kenya aliyewahi kuanza upya kwa namna hiyo, na inanisikitisha kwamba hadithi yake haisimuliwi mashuleni.

Majina yalikuwa ya ziwa, lakini mchezo walijifunzia Nairobi. Wengi wa kizazi kile walikulia katika mitaa iliyopakana na viwanja vya klabu, kama ule wa Sir Ali Muslim Club, klabu zilizoanzishwa na jamii za Kiasia enzi za ukoloni. Mtoto alikuwa akiangalia mchezo kupitia ua, anaokota mpira uliovuka, anautupa ndani, anakaribishwa kudaka siku mtu mmoja amepungua. Kisha anamleta mdogo wake. Ndiyo maana kriketi ya Kenya ilijaa ndugu: Tom, David na Steve Tikolo; Edward na Maurice Odumbe; Martin na Tony Suji; Kennedy Otieno, David na Collins Obuya. Kwa akina Ngoche ilizidi, kwani walitoka James, Shem, Nehemiah na Lameck Onyango, na dada yao Margaret Banja akawa nahodha wa timu ya wanawake. Waandishi wa nje waliona hayo wakasema ni kipaji cha damu. Mimi naona ni ukuta mmoja na nyumba chache zilizokuwa karibu nao.

Mfumo wa namna hiyo una uzuri wake, na uzuri huo tuliula kwa miaka 15. Kasoro yake ni kwamba klabu haifiki mbali kuliko miguu ya mtoto. Jirani akihama, mnyororo unakatika. Klabu ikikosa fedha, au ikiamua kufunga geti kwa sababu za usalama, hakuna anayekuja nyuma yake. Yaliyofuata yanajulikana. Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kujihusisha na mtu wa kamari. Wachezaji na viongozi wakagombania malipo. Na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, hadhi iliyokuwa nayo tangu miaka ya tisini. Februari 2018, muda mfupi tu baada ya vijana kurudi kutoka New Zealand, timu ya wakubwa iliburuta mkia katika mashindano ya daraja la pili kule Namibia ikashushwa. Nahodha Rakep Patel akajiuzulu, kocha akajiuzulu, rais wa chama akajiuzulu. Kocha huyo alikuwa Thomas Odoyo, yule kijana wa miaka 17 wa mwaka 1996.

Hebu fikiria vijana wa Bhudia wanarudi nyumbani katika hali hiyo. Wamefanya kile ambacho hakijafanywa kwa miaka 16, na wanayemtegemea kuwapokea hayupo ofisini. Bhudia mwenyewe aliingia timu ya wakubwa, na Muthui pia, na hilo si dogo. Lakini timu ya taifa ya vijana inapaswa kuwa mlango wa kupita watu wengi, na kwetu walipita wachache wakaufunga nyuma yao.

Wakati sisi tunajiuzulu, majirani walikuwa wakifanya mambo mengine, na hapa nitakaa kidogo.

Rwanda haikurithi klabu. Kriketi iliingia huko baada ya 1994 na watu waliorudi kutoka uhamishoni, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwa na mchezo walioujifunza katika shule za wenzao. Uwanja wao wa mwanzo ulikuwa Kicukiro, katika eneo la shule ya ufundi ambako watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakaachwa, wakauawa Aprili 1994. Miaka kadhaa baadaye vijana walikuwa wakicheza papo hapo. Mwaka 2016 nahodha wa timu yao ya wanaume, Eric Dusingizimana, mhandisi kwa kazi yake, alisimama kwenye wavu mjini Kigali akapiga mipira kwa saa 51 mfululizo, akiweka rekodi ya dunia ili kuchangisha fedha za kujenga uwanja. Uwanja huo, Gahanga, wenye matao yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hukohuko, ulifunguliwa Oktoba 2017. Ilikuwa miezi mitatu baada ya vijana wa Kenya kushinda Nairobi.

Miaka mitano baadaye wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Botswana kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana, na katika fainali wakawashinda Watanzania. Januari 2023 walikuwa Afrika Kusini. Walipocheza na Zimbabwe, Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne iliyofuatana, jambo ambalo mrushaji anaweza kumaliza maisha yake ya uchezaji bila kulikaribia. Kisha wakakutana na West Indies, wakawatoa kwa mikimbio 70, na nahodha Gisele Ishimwe akabaki hadi ushindi ukapatikana. West Indies waliotolewa na Kenya kwa 93 mwaka 1996 walikuwa wanaume, na ni mchezo wa ova nyingi zaidi, hailingani. Hata hivyo, mpenzi wa kriketi wa Kenya aliyekuwa akitazama siku ile alijua anachokitazama, na nadhani aliona wivu kidogo. Mimi niliona.

Uganda wana njia yao. Kwao kriketi inakaa shuleni, katika shule za bweni kama Busoga College Mwiri na King's College Budo, na kila mwaka shule hukutana kwa wiki nzima ya kriketi. Tofauti hii kati ya klabu na shule ya bweni inaonekana ndogo hadi uitafakari. Klabu inapokea mtoto wa jirani. Shule ya bweni inapokea mtoto kutoka kijiji ambacho hakijawahi kuona gongo, inamlaza pale miezi mitatu, na jioni hana pa kwenda ila uwanjani. Mwaka 2021 vijana wa Uganda walishinda mchujo wa Afrika uliofanyika Rwanda, na Januari 2022, chini ya Pascal Murungi, wakacheza Kombe la Dunia kule West Indies. India iliwapiga mikimbio 405, kwa hiyo na wao wanaijua ladha hiyo. Ila mmoja wa vijana wale, Juma Miyagi, miaka miwili baadaye alirudi katika eneo hilohilo akiwa na timu ya wakubwa ya Uganda, katika Kombe la Dunia la ova 20 la 2024. Mlango wao ulipitisha mtu.

Tanzania ndiyo iliyotushangaza zaidi. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, ikikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilicheza mechi tatu ikafungwa zote. Baada ya hapo Kenya iliondoka kivyake na Tanzania ikabaki nyuma, kiasi kwamba sisi tulizoea kuihesabu kama mechi ya kupumzikia. Kisha kati ya Machi na Aprili 2025, mjini Lagos, vijana wa Tanzania wakaongoza mchujo wa Afrika mbele ya Kenya, Uganda, Namibia na wenyeji Nigeria. Kombe lenyewe liliandaliwa na Zimbabwe na Namibia. Namibia walikuwa wenyeji bila tiketi, na Januari 2026 Watanzania walifungua mashindano yao mjini Windhoek, dhidi ya West Indies, katika nchi ambayo vijana wake walikaa nyumbani kutazama. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kufika Kombe la Dunia la kriketi kwa jina lake yenyewe. Kenya ilikuwa Lagos, na ilirudi bila kitu.

Kwa hiyo nikirudi kwenye ramani ya Homa Bay na Migori, najiuliza ni ipi kati ya njia hizi inaweza kufika hapa. Klabu haiwezi, hakuna ukuta wa kuchungulia. Uwanja mkubwa nao ni mtego wa mawazo. Mjini Homa Bay upo Uwanja wa Raila Odinga, uliobeba sherehe za Madaraka Juni 2025, na viongozi wa kaunti hupenda kuutaja kila michezo inapozungumzwa. Ni uwanja wa kandanda wenye njia ya riadha kuuzunguka. Kriketi ya wakubwa inataka duara la karibu mita 140, na Rusinga, kwenye mawe na miteremko, eneo tambarare la ukubwa huo lina mahindi ya mtu, kaburi la babu yake na kesi mahakamani. Anayesubiri uwanja wa namna hiyo atasubiri hadi ziwa likauke.

Lakini sehemu ambayo mchezo unafanyika hasa, kati ya wiketi na wiketi, ni mita 20 na sentimita 12. Ukanda wa saruji wa urefu huo, ukitandikwa jamvi, unaingia kando ya uwanja wa kandanda wa shule yoyote, na sehemu kubwa ya kriketi ya Afrika imechezwa juu ya majamvi. Mpira wa ngozi ni ghali na unaumiza; vijana wa Karachi walilitatua hilo miaka mingi iliyopita kwa kuufunga mpira wa tenisi kwa utepe wa mafundi umeme, ukawa mzito kiasi cha kurushwa kwa kasi na mwepesi kiasi cha kutokuvunja kidole. Pakistan imepata baadhi ya warushaji wake wa kutisha kutoka kriketi ya mitaani ya namna hiyo. Kinachobaki ni mwalimu anayeujua mchezo, na hapo ndipo tunapokwama, maana mwalimu wa michezo hufundisha alichocheza yeye, naye alicheza kandanda. Shule za bweni tunazo: Agoro Sare, Homa Bay, Kanga, Rapogi, Orero, na kwa wasichana Asumbi na Ogande. Hazikosi vijana wenye mabega. Tafadhali msinisomee ile hadithi ya kwamba mtoto wa mvuvi ni mrushaji wa kuzaliwa kwa sababu anatupa nyavu. Kurusha kriketi ni mkono ulionyooka, na mkono ulionyooka hufundishwa.

Mtu wa Rusinga aliyelielewa tatizo la umbali kuliko wote hakuwa mwanamichezo. Tom Mboya alijua vijana wenye akili wako kila kona ya Kenya, na kwamba kilichopungua ni usafiri. Septemba 1959 alipakia wanafunzi 81 kwenye ndege kwenda vyuo vya Marekani, na wengine mamia wakafuata. Hakungoja vyuo vijengwe Kasawanga. Chama cha kriketi kikiwa na fedha kidogo, na huwa kidogo, ningependelea zinunue nauli: kocha mmoja ashuke kutoka Kisumu, ambako mchezo huu una historia, kila muhula, na kila likizo vijana sita wa Homa Bay na Migori wapande basi la usiku kwenda Nairobi kucheza na wale wanaoishi karibu na ukuta. Ni bei ya matangazo ya sherehe moja ya kaunti.

Kombe la vijana wa kiume huja kila baada ya miaka miwili. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati Tanzania inacheza Windhoek atakuwa na 18 mwaka 2032, na mchujo wa Afrika wa mwaka huo utachezwa miezi kadhaa kabla. Kwa wasichana muda ni mfupi zaidi, kwa sababu kombe lao lijalo, la Bangladesh na Nepal, ni 2027, na timu itakayokwenda huko tayari inafanya mazoezi mahali fulani. Wa Asumbi na Ogande wamekwisha kulikosa hilo. La kufuata bado.